Mapenzi Yaliyotiwa Maji: Tamthilia za Kichina Sebuleni Mwetu



Juma lililopita, hapa Isiolo, nilimaliza kutazama tamthilia ya mapenzi ya Kichina yenye sehemu 40. Nilianza kwa hamu, nikaendelea kwa ukaidi, nikamaliza kwa hasira. Usiku wa sehemu ya mwisho nililala nikipiga hesabu: sehemu 40, kila moja dakika 45, jumla saa 30. Katika saa 30 ningesahihisha insha za vidato viwili, na muda wa kufuma kofia ya mume wangu ungebaki.

Jina la tamthilia hiyo naliacha. Sitaki ugomvi na mashabiki wake, tena ziko nyingi za sampuli hiyo; ukiiona moja umeziona kumi.

Kwa msomaji mgeni, mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, nimeolewa huku Isiolo mwaka wa 18 sasa. Nina stashahada ya ualimu na nafundisha Kiswahili katika shule ya upili. Ploti kwangu si neno la kupitia tu, ni kazi inayonilisha. Mwanafunzi akiniandikia insha ambayo mhusika anapotea na kurudi bila sababu, humwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: "Vipi?" Tamthilia hii ingekuwa daftari, ingerudi kwa mwenyewe nyekundu kutoka jalada hadi jalada.

Hata hivyo nisingewachosha kwa hasira za rimoti peke yake. Ninaandika kwa sababu ya binti wa dada yangu, aliyekaa kwangu miezi mitatu akizitazama tamthilia hizi kila usiku baada ya Isha. Ameniruhusu niyasimulie yaliyompata mradi nisimtaje jina. Nitamfikia. Kwanza tujue wageni hawa waliingiaje nyumbani mwetu.

Zilifikaje kwetu

Sisi wa umri wangu tulilelewa na filamu za Kihindi. Mombasa, Lamu, Unguja, kote mtoto alijua nyimbo za Kihindi kabla hajajua maana ya neno moja. Baadaye zikaja tamthilia za Mexico na jirani zake, zilizotiwa sauti za Kiingereza, mama zetu wakaacha vyungu vikaungua. Wachina wamefika nyuma ya hao wote, ila wamefika kwa mpango.

Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, kisa cha Mao Doudou na mama wakwe zake. Doudou ni muuguzi wa Beijing anayeolewa na kijana aitwaye Yu Wei. Wazazi wa Yu Wei wameachana na baba ameoa tena, basi bibi harusi anajikuta na mavyaa wawili, mama mzazi na mama wa kambo, na kila mmoja ana mizani yake ya kumpima. Tamthilia hiyo ilipendwa sana. Rais Xi Jinping wa China alipofika Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja katika hotuba yake. Si kawaida rais kuhutubia nchi ya watu akagusia mambo ya mavyaa na mkaza mwana, lakini alijua anazungumza na nani.

Kampuni ya StarTimes ya Beijing, iliyoanza kuuza huduma zake Afrika kupitia Rwanda mwaka 2008, iliingia Kenya mwaka 2012. Mwaka 2015 mitambo ya analojia ikazimwa nchini, na king'amuzi kikawa lazima katika kila nyumba yenye televisheni. Desemba mwaka huohuo, katika mkutano wa China na Afrika uliofanyika Johannesburg, China iliahidi kupeleka televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya bara hili. Mwaka 2016 StarTimes ikaandaa mashindano ya sauti huko Tanzania, na washindi wakapelekwa Beijing kuzitia sauti tamthilia kwa Kiswahili. Mengine yanayobaki tunayapata kwa simu, ukiwa na bando, au kwa vijana wa duka la muvi wanaokujazia flashi.

Huku Isiolo tuliwajua Wachina kwa barabara kabla ya kuwajua kwa mapenzi. Lami ya kutoka hapa mjini hadi mto Merille, kilomita 136, imejengwa na kampuni ya Kichina. Na kwenu Pwani, gati la kwanza la bandari ya Lamu, lililofunguliwa Mei 2021 na ambalo mradi wake unatarajiwa kutuunganisha Lamu na Isiolo, ni kazi ya Wachina vilevile. Ukiipita barabara ile ya Merille huoni kona isiyo na sababu. Ndiyo maana nashangaa watu walewale wanaokunja barabara kwa hesabu huikunja hadithi ovyo.

Nyekundu yangu iko wapi

Kosa la kwanza na kubwa ni kutouliza. Msichana anamwona mpenziwe amesimama na mwanamke mwingine mlangoni mwa hoteli. Anadondosha mwavuli, anakimbia mvuani, anahama mji. Yule mwanamke ni dada wa kijana, na sisi watazamaji tunajua tangu sehemu ya 12. Msichana anajua sehemu ya 31. Baina ya 12 na 31 hakuna lililotokea isipokuwa watu wawili kukaa kimya katika vyumba vizuri. Swali moja, "Yule ni nani?", lingeziokoa sehemu 19.

Mtindo huu una wazazi wake. Mwaka 2015 Wachina walitoa tamthilia iliyopendwa mno, My Sunshine, iliyotokana na riwaya ya mwandishi Gu Man. Zhao Mosheng na He Yichen wanapendana chuoni, kisha wanatengana miaka 7. Kijana amegundua jambo zito baina ya wazazi wao, halisemi. Anatoa maneno makali tu. Msichana anakwenda Marekani na moyo uliovunjika. Wapo wanaoilia tamthilia hii mpaka leo, nami siwacheki, kwa kuwa siri ile ina uzito: imegusa kifo cha mzazi, na mtu aweza kufunga kinywa kwa jambo kama hilo. Tatizo ni walioiga. Wameuchukua ukimya wa miaka 7 wakaiacha sababu yake.

Kosa la pili ni kupoteza kumbukumbu. Gari linamgonga shujaa, anaamka hospitalini, anawakumbuka wote: mama, dereva, hata namba ya siri ya benki. Aliyemsahau ni mchumba wake peke yake. Sikatai kwamba kusahau kunaweza kuwa hadithi nzuri. Katika Eternal Love ya mwaka 2017, ile yenye miungu na mbweha wa mikia tisa, Bai Qian anaomba mwenyewe dawa ya kusahau kwa sababu maumivu yamemzidi. Kusahau kwake ni uamuzi, na gharama yake inamfuata katika sehemu zote zilizobaki. Huko ndiko kusuka. Gari linalotokea mwandishi anapoishiwa na la kusema ni kitu kingine.

La tatu ni sadfa. Darasani huwaambia wanafunzi kwamba sadfa si dhambi. Katika riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa katika shule zetu, Umu anakutana na nduguye Dick katika uwanja wa ndege, na hatumlaumu mwandishi, kwa kuwa tumeteseka na watoto hao kurasa nyingi na tunajua kilichomfikisha kila mmoja pale. Sadfa inapokuja kufunga jeraha lililoonyeshwa, msomaji huipokea. Lakini katika tamthilia yangu ya saa 30, mji wa watu milioni 20 una mkahawa mmoja, lifti moja na barabara moja, na wapendanao hawa hugongana hapo kila mwandishi anapotaka kwenda kulala.

La nne ni mwisho wa kukimbia. Baada ya sehemu 38 za kutambaa, mbili za mwisho zinapiga mbio: adui anatubu kwa sentensi moja, mama aliyekuwa akimpa msichana bahasha ya pesa amwache mwanawe sasa anamvisha bangili, kampuni iliyofilisika inafufuka, na mtoto mchanga anatokea kabla hatujaonyeshwa harusi. Ni kama mpishi aliyechochea moto wa pilau kutwa nzima, kisha akakumbuka mchele baada ya wageni kunawa mikono.

Kwa nini zinatiwa maji

Nimejifunza kwamba Wachina wenyewe wanalalamika, na wana jina la kasoro hii: huziita tamthilia zilizotiwa maji. Nilicheka niliposikia, maana Isiolo ni mji wa maziwa ya ngamia. Akina mama wanayapokea alfajiri kutoka maboma ya mbali, wanayapima, na mwenye kutia maji anajulikana siku hiyohiyo. Maziwa ya maji bado ni meupe na yanajaza kibuyu. Unayagundua ukionja.

Maji haya yana biashara yake. Kituo cha televisheni au mtandao hununua tamthilia kwa hesabu ya sehemu. Ukumbi ni uleule, mavazi ni yaleyale, waigizaji wameshalipwa. Ukiirefusha hadithi kutoka sehemu 30 hadi 50, umeuza zaidi kwa gharama ndogo. Eternal Love niliyoisifu ina sehemu 58, na Ashes of Love ya mwaka 2018 ina 63. Mambo yalifika mahali ambapo Februari 2020 idara ya serikali ya China inayosimamia redio na televisheni ilitoa agizo: tamthilia isizidi sehemu 40, na zilizo chini ya 30 ndizo zinazohimizwa. Matokeo yake, nyingi zikaishia 40 kamili, kama mwanafunzi anayeambiwa insha isizidi kurasa nne, naye akahakikisha zote nne zimejaa.

Chanzo cha pili ni riwaya za mtandaoni. Tamthilia nyingi za mapenzi zinatokana na riwaya zilizoandikwa sura moja moja katika tovuti kama Qidian na Jinjiang, zilizoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika tovuti hizo msomaji hulipia sura za mbele kwa hesabu ya herufi elfu. Mwandishi anayelipwa hivyo hana sababu ya kumwacha msichana aulize swali lake leo; akiuliza leo, kesho hatakula. Kisha riwaya hiyo iliyonyooshwa inapewa watu wa televisheni, nao wanainyoosha tena.

Cha tatu ni malipo. Mastaa walikuwa wakichukua fedha nyingi kiasi kwamba mwaka 2017 vyama vya watengenezaji vya China vilikubaliana kuwa malipo ya waigizaji wote yasizidi asilimia 40 ya gharama ya tamthilia. Fedha zikimwagika hivyo kwenye nyuso, unaweza kukisia zinazobaki kwa anayekaa gizani kuandika. Ndiyo maana tunaona taa nzuri, nguo nzuri, meno mazuri, na hadithi mbovu.

Siku hizi kuna na ndogo zao, zinazotazamwa kwa simu iliyosimama wima, kila sehemu dakika moja au mbili. Za mwanzo ni bure, za mbele unalipia. Hizo hazina hata muda wa kutia maji. Kila dakika sharti kofi lipigwe au siri ifichuke. Wanafunzi wangu wanazijua kuliko wanavyozijua ngeli.

Swali la Akko

Sasa nirudi kwa binti wa dada yangu.

Aliolewa Mombasa, hata mwaka haujatimia. Usiku mmoja simu ya mumewe ililia, akaona ujumbe wa mwanamke: nakungoja kesho, usiniangushe tena. Hakuuliza. Asubuhi mume alipotoka kwenda kazini, alifunga begi, akapanda basi la Nairobi, akashika jingine la Isiolo, akanifikia na vumbi hadi kwenye nyusi. Alisema neno moja tu: "Mama mdogo, nimechoka." Nikampa maji ya kuoga na chakula.

Simu yake aliizima. Mumewe akanipigia mimi. Nikamjibu kwamba mke wake ana mdomo, atasema akitaka. Na hapa sina budi kujisema. Mimi ninayewaandikia watoto wa watu "Vipi?" kwa wino mwekundu, nilikaa na mwanangu yule zaidi ya miezi miwili bila kumuuliza. Niliogopa ataona ninamfukuza. Nilijiambia ni heshima. Kila usiku tukakaa mbele ya televisheni, mimi nikigombana na msichana wa Kichina kwa nini haulizi, na aliye kando yangu naye hajaulizwa.

Mama mkwe wangu anaishi nasi. Ni Mborana, wanangu humwita Akko, yaani bibi. Kiswahili chake ni cha sokoni, kifupi na hakina chumvi. Hakuwa akitazama, alikuwa akivuta tasbihi yake. Ilikuwa sehemu ya 26 au 27, msichana analia tena dirishani. Akko akauliza, "Huyu analia nini kila siku?" Nikamweleza: kamwona mchumba wake na mwanamke, anadhani amemsaliti, kumbe yule ni dada yake. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hawa watu hawana wazee?"

Nikacheka. Akko hakucheka. Alimgeukia binti wa dada yangu, akamtazama kwa muda, akaniuliza mimi: "Na huyu?"

Nimesoma vitabu vya uhakiki wa fasihi, lakini sijakutana na uhakiki ulionilenga kama ule. Ndilo pengo la tamthilia hizi nyingi, nami nilikuwa silioni. Si kwamba wapendanao hawaulizi tu. Wote wanaowazunguka hawaulizi vilevile. Hakuna mshenga, hakuna shangazi, hakuna ami wa kumketisha kijana barazani akamwambia: sema. Wazazi wapo kwa kazi mbili, kupinga na kuumwa moyo. Marafiki wapo kwa kununua kahawa. Na katika Doudou, ile iliyofanya vizuri, kinyume chake ndicho kinachotokea: nyumba imejaa watu, kila mtu ana la kusema, na ugomvi unatoka katika tabia za watu wenyewe wala hauletwi na gari lililopoteza breki. Ndiyo maana Waswahili waliikubali. Waliiona nyumba yao.

Usiku uleule, televisheni ikizimwa, nilimuuliza. Akalia, akasema yote. Nikampigia dada yangu, dada akampigia ami yake binti, na juma lililofuata wazee wa pande mbili wakakaa Mombasa. Wasomaji mnaijua aya ya 35 ya Suratun Nisaa: ikihofiwa mfarakano baina ya mume na mke, apelekwe mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Mbele ya wazee yule kijana akatoboa. Alikopa kwa mwanamke mfanyabiashara ili akamilishe gharama za harusi, ameshindwa kulipa mara mbili, na aliona haya kumwambia mkewe kwamba zile siku tatu za shangwe zilikuwa za mkopo.

Kwa hivyo hapakuwa na hawara. Palikuwa na uongo wa namna nyingine, na binti yetu alikuwa na haki ya kukasirika, ila alikuwa amekasirikia kitu kisichokuwepo, na kilichokuwepo kilizidi kukua miezi mitatu yote. Deni liliandikwa kwenye karatasi na namna ya kulilipa ikapangwa. Alirudi kwake baada ya Idi. Sitawaambia kwamba sasa wanaishi raha mustarehe. Anapika viazi karai na bajia za kuuza jioni, deni linapungua, na yapo majuma hawasemezani vizuri. Hakuna atakayelitengenezea hilo tamthilia.

Jambo moja nilisisitize nisije nikaeleweka vibaya. Si kila mwanamke anayefunga begi amekosea kuelewa. Anayepigwa ameelewa sawasawa, na asiambiwe na mtu arudi akaulize. Nazungumzia ukimya wa dhana, siyo ukimya wa hofu.

Nilimuuliza kabla hajaondoka: ulikuwa unaona nini katika zile tamthilia, mwanangu? Nilidhani atasema nguo, au yule kijana mwenye nywele za kuanguka usoni. Akasema, "Kule, mama mdogo, wanaume hurudi. Wanasimama mvuani wanaomba radhi." Sikuwa na la kumjibu. Wahindi walitupa nyimbo, Wachina wanatupa mwanamume anayesema nimekosa. Kama binti zetu wanalifuata hilo hadi Beijing, basi akina baba wa Pwani na wa Isiolo nao wana insha ya kusahihisha.

Namna ya kuipima

Nikiombwa kauli ya mwalimu, ningesema hivi kwa anayetaka kujua kama tamthilia inastahili saa zake. Tazama sehemu tatu za mwanzo, kisha jiulize: shida ya hadithi hii ingekwisha kwa swali moja? Kama ndiyo, ipo sababu ya kweli inayomzuia mhusika asiliulize? Sababu ya kweli ni kama ile ya Ashes of Love: msichana Jinmi amelishwa tangu kuzaliwa kidonge kinachozuia mapenzi, na sisi tunaambiwa mwanzoni kabisa. Anapokuja kumchoma mpenziwe akidhani ndiye aliyemuua babake, tunaumia, kwa sababu tunajua hakujaliwa njia ya kuujua moyo wake mwenyewe. Kilichofungwa mwanzoni ndicho kinachofunguliwa mwishoni.

Jiulize pia: tukio kubwa likitokea, linatokana na tabia ya mtu au limeletwa na mwandishi? Na ukiziondoa sehemu tano za katikati, kuna kitu kitakachopungua? Kikiwa hakipungui, hayo ndiyo maji.

Maswali haya tuyaulize na nyumbani. Kenya sasa tuna tamthilia zetu za Kiswahili za kila siku ya juma. Kutoka Maria ya mwaka 2019 hadi Sultana ya mwaka 2022, iliyoleta sura na lafudhi za Pwani katika kila nyumba nchini. Nimefurahi kuyasikia maneno yetu kwenye runinga. Lakini tamthilia ya kila siku ina njaa ya kila siku, na nimeshaanza kuuona mwavuli ukidondoka mvuani katika mitaa ambayo mvua yenyewe ni ya kuomba. Waandishi wetu wana kitu ambacho Wachina wengi wamekitupa: mshenga, baraza, somo, kungwi, ami na shangazi. Mtu mmoja akificha siri Mji wa Kale, jirani watatu wanaijua kabla ya Adhuhuri. Taharuki yetu haiwezi kuwa je, atajua lini? Lazima iwe: akishajua, atafanyaje? Hiyo ni ngumu zaidi kuandika, na ni nzuri zaidi kutazama.

Jana jioni mume wangu ameleta flashi mpya, sehemu 36. Akko ameuliza kama hawa nao hawana wazee. Nimemwambia tutazame tatu za mwanzo, tuone.